Wasifu wa Baba, mhandisi mstaafu wa TAZARA: nauandikaje usiwe orodha ya vyeo tu?

BintiUyole

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wale ambao wazazi wao walifanya kazi reli, au ninyi wenyewe mliwahi kuifanya.

Baba yangu alifariki mwezi uliopita nyumbani Uyole, Mbeya, na tukamzika hukohuko. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi aliuandika binamu yangu usiku wa kuamkia maziko, sisi wengine tukihangaika na maturubai na jeneza, kwa hiyo simlaumu hata kidogo. Ila mnajua zinavyokuwa: marehemu alizaliwa mwaka 1951, akasoma, akaajiriwa, akapanda cheo, akastaafu mwaka 2011, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu. Ungebadilisha jina ukausoma kwa mzee mwingine yeyote wa mtaa ule, hakuna ambaye angeshtuka. Sasa kikao cha ukoo kimeamua kwamba kwenye ibada ya arobaini usomwe mwingine, na kazi nimepewa mimi kwa sababu ni mkubwa na eti "kazi yako ni ya kuandika". Mimi natunza hesabu za kampuni, lakini kwa baba zangu wadogo mtu anayeshinda kwenye kompyuta ni mwandishi.

Nimepewa dakika kumi. Mchungaji kasema zikizidi sana ziwe kumi na tano.

Baba alikuwa mhandisi wa njia wa TAZARA, reli ya kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Watu ukiwaambia reli wanawaza vichwa vya treni. Yeye alishughulika na kile treni inachokanyaga: reli zenyewe, mataruma (yale yanayolazwa chini ya reli), kokoto, tuta, makalvati (mifereji ya kupitisha maji chini ya tuta), madaraja, mahandaki, na zaidi ya vyote mitaro. Alikuwa mmoja wa vijana wa Kitanzania na Kizambia waliopelekwa Beijing mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea reli ambayo huku nyumbani ilikuwa bado inajengwa. Alirudi 1975, mwaka ambao utandikaji wa reli ulifika Kapiri Mposhi, na reli ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976 yeye alishapangiwa Mlimba.

Kwa ambao hamjapita: ukifika Mlimba treni inaliacha bonde la Kilombero, inaanza kupanda milima kwenda Makambako. Kipande hicho ni kama kilomita 150 tu kati ya kilomita 1,860 za reli nzima, lakini ndicho kilichowatesa Wachina walioijenga kuliko vyote, na mahandaki mengi kati ya yale 22 yako hapo. Baba alikaa Mlimba hadi katikati ya miaka ya 80, kisha akahamishiwa Mbeya, ila hata akiwa Mbeya alikuwa akishuka milima hiyo kila msimu wa mvua ulipokaribia. Sisi watoto tulijua mvua iko karibu kwa kuona begi lake limetolewa uvunguni.

Ninachokumbuka mimi ni vitu vidogovidogo, ndiyo maana nakwama. Alikuwa na tabia ya kuchuchumaa, anaweka shavu karibu na reli, anafumba jicho moja, halafu anaangalia reli inavyokimbia mbele. Akiinuka anakwambia pale kwenye nguzo ya tatu pana bonde, na pimamaji likiwekwa linakuta hivyohivyo. Tabia hiyo aliileta nyumbani. Aliangalia hivyo mapaa ya jirani, mabenchi ya kanisani, kila kitu. Kwenye harusi ya mdogo wangu alimfuata mpambaji akamwambia meza kuu imelala upande wa kushoto. Mpambaji akacheka. Mzee akaenda kwenye gari, akarudi na pimamaji lake, akaliweka katikati ya maua. Meza ilikuwa imelala, na sherehe ikasimama tukatafuta kipande cha boksi cha kuchomeka chini ya mguu.

Na mvua ikinyesha usiku hakulala. Hata baada ya kustaafu, saa nane za usiku unasikia mlango, anatoka na mwavuli, tochi na jembe, anazunguka kuangalia mtaro wetu, akimaliza anahamia wa jirani. Mama akimwambia rudi ndani umestaafu, anajibu maji hayajastaafu.

Halafu kuna Kichina chake. Akija Dar kunitembelea lazima twende Kariakoo, na akikuta duka la Mchina anaanza kupatana bei kwa Kichina cha miaka ya 70. Siku moja muuzaji, binti mdogo tu, alipiga simu ya video kwao ili mama yake amwone mzee wa Kiafrika anayeongea kama babu yao. Wakaongea nusu saa. Feni hatukununua.

Sasa swali. Ameacha sanduku la bati limejaa vidaftari vya mfukoni, karibu kila mwaka wa kazi una chake. Nilidhani nitakuta mambo yake ya moyoni. Nimekuta haya, nanukuu vilevile:

"Km 5.. upande wa mlima. W/H 7 zimeziba, 4 safi."
"M. juu umejaa. Wamepitisha njia ya ng'ombe."
"Ukuta umetoa tumbo, alama ya rangi nimeweka."
"Mwendo 15 mpaka kesho."
"Nimelala Uchindile. Baridi. Chai hakuna."

Nikisoma nasikia sauti yake kabisa, lakini nusu sielewi. Nauliza: hizi W/H na M. juu ni nini? Na je, kitu kama hiki kinasomeka mbele ya waombolezaji, wakiwemo bibi zangu wa kijijini na wajukuu wa chekechea, au nitawalaza?

Mangi_wa_Tabata

Pole sana dada kwa kuondokewa na mzee. Mungu awatie nguvu. Hilo la pimamaji kwenye maua usiliache, hata kama utaacha mengine yote.

Mzee wa Toroli

Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwa mnyapara wa gangi, kikundi cha vibarua wa njia, kipande hicho unachokisema, nikaanza kijana mwaka 1977 kama mpiga kokoto. Sitataja jina la mzee wako hapa hadharani, lakini kwa hiyo habari ya shavu kwenye reli nadhani namjua. Kama ndiye, tulimwita Mzee Mitaro, na yeye alijua tunamwita hivyo.

Nikujibu moja moja. W/H ni "weep holes", yale matundu ya ukutani. Milima ile imekatwa ili njia ipite, na pale palipokatwa pamejengwa kuta za mawe kuuzuia mlima usishuke. Ukuta umeachiwa matundu ili maji yaliyo nyuma yake yapate pa kutokea. Tundu likiziba kwa udongo au mizizi, maji yanajikusanya nyuma ya ukuta, na udongo ulioshiba maji unasukuma kwa nguvu sana kuliko mkavu. Ndipo ukuta unatoa tumbo kama alivyoandika. Ile alama ya rangi ni ya kupimia: unachora mstari leo, unarudi baada ya wiki kuona kama tumbo limeongezeka. Yeye alitembea na kipande cha nondo, anachokoa tundu moja baada ya jingine, halafu anasimama kusubiri. Sisi tuna njaa, yeye kasimama anaangalia tundu. Maji yakitoka safi anasonga mbele. Yakitoka na udongo, siku hiyo mmeharibikiwa, maana yake nyuma ya ukuta mlima unaliwa.

M. juu ni mtaro wa juu. Huu uko kule juu kabisa, juu ya sehemu iliyokatwa, kazi yake kuyadaka maji ya mlimani na kuyapeleka pembeni kabla hayajateremkia njiani. Tatizo lake ni kwamba huwezi kuuona ukiwa kwenye toroli, kile kigari cha kukagulia njia. Wakubwa wengi walikagua wakiwa wamekaa kwenye toroli, miavuli juu. Mzee wako alishuka, akapanda kwa mikono na magoti ndani ya vichaka, nasi nyuma yake. Majani yakijaa humo, au ng'ombe wakivunja ukingo, maji yote yanageukia njia. Watu wa mjini wanadhani adui wa reli ni uzito wa treni. Reli zile, mataruma yale ya zege, vinabeba uzito bila shida. Maji ndiyo yanayotoa tuta chini ya reli ukabaki na reli inaning'inia hewani.

Mwendo 15 maana yake treni zote zipite pale kwa kilomita 15 kwa saa mpaka atakapoondoa amri. Hapo ndipo alipogombana na watu wa usafirishaji, maana kila treni inachelewa na wao ndio wanaoulizwa.

Nikupe moja utakayoweza kusoma. Mwaka siukumbuki vizuri, ila ni ule wakati wa mvua kubwa baada ya daraja la Chambeshi kule Zambia kulipuliwa na makomandoo wa Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), na hilo lilikuwa Oktoba 1979. Treni ya abiria ilifika Mlimba jioni, mvua inamwagika, yeye akakataa isipande mpaka kuche. Abiria walimtukana matusi yote. Kulikuwa na maharusi ndani, kulikuwa na mtu anawahi msiba Mbeya. Usiku kucha alikuwa kwenye jukwaa la stesheni na koti lake la mvua. Alfajiri tukapanda na toroli mbele, kilomita kwa kilomita. Mlima ulikuwa uko vilevile, hata jiwe halijaanguka. Nikamuuliza, mkuu, si tumewachelewesha watu bure? Akaniambia nimletee chai. Akaandika kwenye kidaftari, treni ikapita.

Kitafute hicho kidaftari, kitakuwa cha 1979 au 1980.

Jamaa_wa_Mwendokasi

Pole kwa msiba, lakini tuseme ukweli, reli yenyewe si imekufa? Watu sasa hivi wako SGR, Dar Dodoma saa chache. Ungeongelea malezi na imani yake, hayo ya kalvati nani atayasikiliza.

BintiUyole

@Jamaa_wa_Mwendokasi asante kwa pole. Mwaka 2024 nilimpandisha Baba hiyo SGR mpaka Morogoro, nikidhani atashangaa umeme na mwendo wa 160. Safari nzima aliangalia nje upande mmoja. Tulipofika nikamuuliza umeionaje, akasema mitaro imechimbwa vizuri, tuone watakavyoisafisha. Kwa hiyo hata ningetaka kuongelea malezi bila mitaro, sijui ningeanzia wapi. Sisi Jumamosi zetu zilikuwa za majembe.

Na TAZARA haijafa, imechoka. Septemba 2024 marais wetu na wa Zambia walikuwa Beijing, ikasainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Baba alifuata taarifa hiyo kwenye redio na akaikalia kimya siku nzima, kisha akamuuliza Mama kama lile begi bado lipo.

@Mzee wa Toroli, shikamoo baba. Nimesoma jibu lako nimelia ofisini. Mzee Mitaro! Nyumbani hakuwahi kututajia jina hilo. Narudi Uyole wikiendi hii kutafuta kidaftari.

MtotoWaKidatu

Pole dada. Nina uzoefu unaokaribiana. Mzee wangu alikuwa mhandisi wa mitambo kwenye bwawa la Kidatu, ile mashine ya kwanza ilipowashwa mwaka 1975 alikuwepo kama fundi kijana. Alipofariki tulikuwa na tatizo hilohilo la vyeo.

Kilichotusaidia ni kuacha kuuliza wakubwa wenzake. Wakubwa wenzake walituletea sifa: mchapakazi, mwadilifu, mpenda watu. Sifa hizo kila marehemu anazo. Tukaenda kwa dereva wake, kwa mama aliyekuwa akipika kantini, na kwa mlinzi wa geti la mtambo. Mlinzi akatuambia mzee kila akiingia zamu alikuwa anaweka kiganja kwenye kitasa cha mlango wa chuma kabla ya kufungua, ahisi mtetemo wa mitambo. Akihisi hauko sawa anapita moja kwa moja bila kusalimia mtu. Watu walidhani ana kiburi, kumbe anasikiliza. Tulisoma hilo moja, kanisa zima likanyamaza, halafu wajukuu wakaanza kushika milango ya kanisa.

Kuhusu wasikilizaji: usieleze kitu ambacho hawawezi kukiwekea mkono. Bibi zako hawajui uhandisi, lakini nyumba ya tope inayoingiwa na maji wanaijua kuliko mimi na wewe. Waambie mlima, maji, ukuta, tundu. Wataelewa kabla hujamaliza.

Cheo kiache mwishoni, sentensi moja. Na usisome zaidi ya mistari mitatu ya kidaftari. Ukisoma ishirini inakuwa ripoti.

Mama Mchungaji

Pole mwanangu. Mimi naona tofauti kidogo na waliotangulia. Nimekaa misiba mingi. Watu wanaokuja arobaini nusu yao wamekuja kwa ajili ya mama yako, na hajatajwa hapa zaidi ya mara moja, anamwambia mzee aingie ndani. Mume akienda njia wiki tatu, nyumbani Mlimba kuna watoto wadogo, kuna malaria, kuna kuni mbichi. Nani alibaki? Kama una dakika kumi, mpe mbili. Muulize yeye mwenyewe, tena kabla hujaandika, maana ukishaandika utakuwa unatafuta tu wa kukukubalia.

Na uusome kwa sauti nyumbani kwanza. Mtu akisoma wasifu kwa mara ya kwanza pale mbele, hafiki ukurasa wa pili.

BintiUyole

Nimerudi kutoka Uyole. Asanteni sana nyote, Mama Mchungaji umenigusa.

Nilimuuliza Mama. Kumbe Mlimba ile miaka, Baba akiwa milimani, alikuwa anatuma kikaratasi kwa walinzi wa treni za mizigo zinazoshuka, na Mama anamrudishia chakula kwa treni inayopanda: wali wa Mlimba kwenye hotipoti, umefungwa kwa khanga. Hotipoti lilikuwa linapita mikono ya watu watatu au wanne na halikuwahi kupotea. Khanga zilipotea. Mama amesema hilo niliseme, na niseme pia kwamba khanga anazidai mpaka leo.

Kidaftari nimekipata, ni cha 1980. Ukurasa una tarehe, na maneno haya: "Treni imelala Mlimba. Matusi. Saa 11 alfajiri tumepanda, hakuna kitu. Mnyapara ameuliza swali zuri." Basi. Swali lenyewe hakuliandika. @Mzee wa Toroli, nadhani mnyapara ni wewe.

Naweka hapa mwanzo wa nilichoandika, mnikosoe:

"Baba yetu alilipwa mshahara ili mlima usishuke. Kati ya Mlimba na Makambako reli imepita ubavuni mwa milima, na kila mvua mlima hutaka kurudi mahali pake. Yeye alitembea na kipande cha nondo, akichokoa matundu ya kuta ili maji yatoke. Wengi wenu mlipita pale usiku, mmelala, mkielekea Dar kwa shughuli zenu. Yeye alikuwa nje. Mama yetu alikuwa Mlimba, anapika wali wa kupandishwa na treni..."

Hapo ndipo nilipofika. Imetosha, au nieleze kwanza reli ilijengwaje? Baba mdogo anataka Nyerere na Kaunda watajwe, na shaba ya Zambia, na kwamba Baba "alijenga reli ya TAZARA".

Mzee wa Toroli

Mwanangu, swali ni langu, na chai nilimpelekea.

Andiko ni zuri. Mambo mawili. Usikubali "alijenga". Waliojenga ni Wachina na Watanzania na Wazambia maelfu kwa maelfu, na Wachina zaidi ya 60 wamezikwa nchini kwetu, makaburi yao yako kule Gongo la Mboto. Mzee wako alikuwa anakwenda kuwasalimia kila akishuka Dar, kama hujui. Andika "aliitunza", ndiyo kazi aliyoifanya, na yeye mwenyewe angekukata kalamu hapo. Nyerere na Kaunda wape sentensi moja baba yako mdogo aridhike: Rhodesia ilijitangazia uhuru wake mwaka 1965, shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kwenda baharini, ndipo wakaitafuta njia hii. Inatosha, hao wana wasifu wao.

La pili, umeandika "kila mvua mlima hutaka kurudi mahali pake". Weka masika. Vuli huku kwetu hakuna, mvua ni moja ndefu, kuanzia Novemba hivi hadi Mei, na wazee wa Mlimba watakaokuja watakucheka.

Maana watakuja. Nimeshaongea na wawili wa gangi ya zamani, mmoja bado yuko Mlimba, mwingine kwa mwanawe Makambako. Nitumie tarehe na mahali kwa ujumbe wa pembeni, na uniambie kama kuna pa kulala, kwa sababu treni ya kutoka huko inaweza kutufikisha usiku.